Asubuhi Niliyoinunua kwa Mshahara

Watu wakisikia kwamba niliacha kazi ya mshahara ili nichore, swali lao la kwanza huwa la pesa: sasa unakulaje? Ni swali la haki, na nitalijibu huko mbele. Lakini pesa haikuwa sababu ya kuondoka kwangu. Niliondoka kwa ajili ya asubuhi.

Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga, mwendo mfupi kutoka lango la bandari. Kazi yangu ilikuwa kupokea bili za shehena, kuzilinganisha na ankara na orodha ya mizigo, kuingiza kadhia, yaani tamko la mzigo la forodha, kwenye mfumo, kisha kufuatilia mpaka mzigo utoke. Ilikuwa kazi nzuri, na sitaki mtu asome hapa akadhani naisema vibaya. Ilimsomesha mdogo wangu. Ilinijengea chumba na sebule Mikanjuni. Na ilinifundisha kitu ambacho wachoraji wengi hawakupata pa kujifunzia, nacho ni kusoma karatasi hadi mwisho kabla ya kuitia sahihi.

Bandari yetu nayo ikabadilika. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi gatini. Kina kilipochimbwa hadi mita 13, meli zikaanza kufunga gatini zenyewe. Kwa mji mzima ilikuwa heri kubwa, na mpaka leo nafurahi nikiziona. Kwetu sisi wa nyaraka ilimaanisha simu za usiku, maana meli haimngoji karani amalize usingizi. Nikawa naamka na kadhia kichwani, nalala na kadhia kichwani.

Kuchora nilichora muda wote huo. Nilikuwa nakaa mezani saa nne za usiku, vyombo vimeshaoshwa, watu wamelala. Mkono ulifanya kazi yake vizuri tu, mistari ikanyooka, ila watu niliowachora usiku hawakuwa na uhai ndani yao. Jumapili nikiamka alfajiri na kukaa na karatasi kabla sijasemezana na mtu, mtoto yule yule niliyemchora Alhamisi akawa kama mgomvi, yule bibi akawa na maumivu ya goti, na yote hayo yalikuwa kwenye penseli bila mimi kupanga. Nilipoyaona hayo mara nyingi, nikajua kwamba sikukosa muda. Muda niliupata, lakini ni ule uliobaki baada ya ofisi kuchukua wa kwake, na mabaki yale hayakutosha kwa kazi niliyoitaka.

Kuacha kazi kwenyewe ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya ajira ya 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, basi. Uzito uko kwenye yanayofuata. Natamani kila anayefikiria kuondoka alijue hili mapema: fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii ni la mtu ambaye kazi imemwisha bila mwenyewe kupenda. Wewe uliyeandika barua ya kuacha kwa hiari hulipati. Michango yako haipotei, lakini usiipigie hesabu ya kununua kompyuta mwezi ule unaotoka. Namjua mtu aliyeambiwa habari hiyo dirishani, keshaaga ofisini na keshalipia fremu. Mimi nilingoja hadi nikawa na akiba ya kuniweka kwa muda bila kumuomba mtu, na hadi nikawa na wateja wanaonifahamu kwa kazi zangu za usiku: mchapishaji wa vitabu vya watoto, shule za chekechea zinazotaka michoro ya ukutani, na mafundi wa kuchapa fulana huko Ngamiani.

Mama yangu hakugomba. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niwajibu nini?"

Nikamwambia, "Waambie nachora vitabu vya watoto, mama."

"Na hiyo ni kazi ya mtu mzima?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka jibu la kuwapa watu, na mimi wakati ule sikuwa nalo. Jibu lilipatikana kitabu kilipotoka, jina langu likiwa ukurasa wa ndani kwa herufi ndogo. Kinakaa sebuleni kwake juu ya kabati la vyombo, na mgeni akifika huonyeshwa kabla chai haijawekwa mezani.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nakwenda sana Maktaba ya Mkoa, lile jengo la enzi za mkoloni lililojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Nyumbani hakukaliki. Mtaani mtu akikuona umekaa ndani saa tatu asubuhi anajua huna shughuli, na akijua huna shughuli atakutuma dukani, atakuachia mtoto, atakuomba umsindikize hospitali ya Bombo kumtazama mgonjwa. Mengine ni mema na huwezi kuyakataa. Ndiyo maana nilitoka. Na huko maktaba, katikati ya kazi zangu, nikamrudia Shaaban Robert.

Sisi watu wa Tanga tunamjua mno kiasi kwamba hatumsomi. Alizaliwa Vibambani, hapa hapa jirani na mji, mwaka 1909. Tunafundishwa shuleni, tunajibu mtihani, tunapita. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba alikuwa mtu wa ofisi. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na kukaa humo hadi 1944, Pangani ikiwa moja ya vituo vyake. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa, akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya, na mwisho akawa ofisi ya upimaji hadi 1960. Mtu wa forodha! Nimekaa miaka ndani ya karatasi za forodha bila kufikiri kwamba mwandishi mkubwa kuliko wote wa mji wangu alikaa ndani ya karatasi hizo hizo.

Nilisoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini polepole, kwa jicho la mtu aliyewahi kuajiriwa. Wengine hukisoma kwa ajili ya tenzi mbili alizowatungia watoto wake, na ni haki yao, ni tenzi za kusomwa. Mimi nilikuwa namtafuta karani. Nilitaka kujua alipataje nafasi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili, una beti zipatazo 3,000, na kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Aliutunga vita vikiendelea, mchana yuko ofisini. Kusadikika kikatoka mwaka 1951, bado yuko ofisini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba ajira inaua sanaa. Haikumuulia Shaaban Robert sanaa yake. Ila sikubaliani pia na wanaomfanya yeye fimbo ya kuwachapia wanaoondoka, kwamba mbona mwenzenu aliweza. Utumishi wa mkoloni ulikuwa na ukatili wake, na ubaguzi ameueleza mwenyewe kwa kalamu yake. Lakini ofisi ile ikifungwa ilifungwa. Hakuna ujumbe wa saa tano za usiku uliomfuata kitandani kumwambia kwamba namba ya kontena imekosewa. Jioni yake ilikuwa yake. Yangu haikuwa yangu, na ndiyo tofauti ninayoiona mimi kati ya karani wa 1940 na karani wa leo. Mtu anayetaka kujua kama aondoke au abaki aanze kuitazama hapo: je, ofisi yako ikifungwa, inafungwa kweli?

Kuna jambo jingine katika maisha yake lililonishika zaidi. Alifariki mwaka 1962. Utenzi ule wa vita ulitoka kitabu mwaka 1967, na Kufikirika mwaka huo huo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka 1968. Hakuvishika mkononi. Utenzi uliomalizika na vita ulingoja zaidi ya miaka ishirini. Kama chakula cha watoto wake kingetegemea utenzi huo, wangekula nini? Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili, kazi na malipo ya kazi. Kazi inaweza kuwa bora kabisa na malipo yasije, au yaje umeshazikwa. Anayejiajiri lazima awe na kazi ya kumlisha wiki hii na kazi ya kungoja, na asiichukie ile ya wiki hii kwa kuwa si ile nyingine.

Utubora Mkulima nilikifungua kwa tamaa, maana Utubora naye anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Nilidhani nitapata mtu wa kuniunga mkono. Nimemsoma na kuona kwamba hakuacha kazi apumzike. Anakwenda kwenye kazi nyingine yenye jasho zaidi, na anajua ni kazi gani kabla ya kuondoka. Wengi wanaoniandikia kwamba wamechoka na ajira wanajua wanachokikimbia tu. Ukiwauliza wataamka Jumatatu wafanye nini, wanasema watajua huko mbele.

Na nikausoma wasifu wa Siti binti Saad, huyo huyo Shaaban Robert ndiye aliyeuandika. Mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akahamia mjini Unguja, akajifunza uimbaji, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Ninachokipenda ni kwamba vyungu havikufichwa. Havikusimuliwa kama aibu iliyofutwa na umaarufu, ni sehemu ya mtu yule yule. Mimi pia nimeacha kuwaambia wateja wapya kwamba "zamani" nilikuwa karani. Ukarani ninao bado, na nitaeleza ulivyonisaidia.

Kwanza niwaonyeshe asubuhi ilivyo siku hizi. Mchapishaji alinipa hadithi ya mtoto anayekwenda baharini na babu yake kwa ngalawa. Kuchora ngalawa kwa kutazama picha za simu ni rahisi, na michoro mingi ya vitabu vyetu imechorwa hivyo. Matokeo yake ni chombo ambacho hakiwezi kutembea. Lile tanga limening'inizwa kama shuka kwenye kamba, na nahodha amekunja mikono kama abiria. Nikateremka Deep Sea alfajiri, wavuvi wakirudi. Nikamkuta mzee anapanga nyavu, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samaki wameshakwenda mnadani."

Nikamwambia sikufuata samaki, nimekuja kutazama chombo chake. Akaniangalia, akaangalia daftari, akasogeza nyavu nipate pa kukaa. Akanionyesha foromali, ule mti unaobeba tanga, ilivyolala: ncha ya chini imeelekea omo, mbele ya chombo, ya juu imepanda kuelekea tezi, nyuma yake, tanga likafuata mlalo huo. Kisha akachukua demani, ile kamba ya kuongozea tanga, akaizungusha mkononi mara moja tu.

"Hii hufungi," akasema. "Unaishika. Upepo ukija wa ghafla unailegeza. Aliyeifunga hana nafasi ya kuilegeza."

Nilichora mkono wake tu asubuhi ile. Kidole gumba kilikuwa juu ya kamba na vingine vinne chini, kiganja kimeacha nafasi ndogo ili kamba iweze kupita. Nafasi ile ndogo ndiyo iliyonipa kitabu kizima. Katika ukurasa wa kwanza wa baharini, mtoto ameikaba demani kwa ngumi mbili, vifundo vya vidole vimetokeza. Ukurasa wa mwisho ameishika kama babu yake. Hakuna sentensi katika hadithi inayosema kwamba mtoto amejifunza. Mikono ndiyo inayosema. Nisingeiona nafasi ile saa nne za usiku, nina hakika hiyo.

Sasa pesa. Ukiwa umeajiriwa, mfuko wa hifadhi ya jamii unapokea asilimia 20 ya mshahara wako, na mwajiri anabeba angalau nusu yake. Ukitoka, nusu hiyo inakugeukia wewe kama unataka kuendelea kuchangia kwa hiari, na mimi nilitaka. Ongeza bima ya afya, umeme, bando, karatasi, wino, siku za homa ambazo hakuna anayekulipa, na sikukuu. Halafu kuna saa zenyewe. Katika siku nzima ya kazi, muda wangu wa kuchora hasa ni saa nne, ikizidi tano. Nyingine zinakwenda kwenye simu, ankara, kutafuta kazi na kufuatilia malipo. Saa hizo nne ndizo zinazolipa siku nzima. Mteja akisema, "Si kimchoro tu, dakika mbili," sibishani naye kuhusu dakika. Namtajia bei, namweleza atapata nini na lini, nanyamaza. Asiyeweza, tunaagana kwa wema, na wengine wamerudi.

Jambo lililowashangaza wenzangu wengi ni kodi ya zuio. Ukiifanyia kampuni au taasisi kazi ya huduma, inakata asilimia 5 kabla ya kukulipa na kuipeleka TRA. Umekubaliana shilingi 600,000, unapokea 570,000, na kama hukujua utadhani umeibiwa. Hukuibiwa. Ila dai cheti cha zuio hilo, maana ni kodi iliyolipwa kwa jina lako na inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Vijana wengi wa kazi za sanaa hawakidai. Wanaona karatasi ni mambo ya maofisini.

Mimi karatasi ndiyo iliyonilinda. Sigusi kazi kubwa bila kianzio cha nusu, na kila kazi ina mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: idadi ya michoro, siku ya kukabidhi, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na nani mwenye haki ya kuutumia mchoro nje ya kitabu hicho. Kipengele hicho cha mwisho wateja hukiruka wakisoma, mimi huwaonyesha kwa kidole. Taasisi moja ilikaa na malipo yangu ya mwisho muda mrefu. Kila nikipiga simu aliyekuwa na faili hayupo. Nikafanya kama nilivyokuwa nafanya bandarini mzigo ukikwama. Nilipanga mkataba, barua pepe ya kukabidhi kazi na ankara yenye muhuri wao wa kupokea, kila kimoja na tarehe yake, nikaviandikia barua ya kuambatanisha na kuipeleka kwa mkono. Sikugombana na mtu mapokezi. Malipo yakaingia mwezi huo huo. Mchoraji asiye na karatasi angebaki na uchungu na hadithi ya kusimulia barazani.

Mwaka huu nimekubali kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Ngamiani, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja za jioni, siku chache kwa wiki. Baadhi ya rafiki zangu wamesikitika. Wanaona nimerudi nyuma, kwamba aliyetoka kwenye ajira na kuingia tena mlango mdogo ameshindwa. Naheshimu wanavyonipenda, lakini hawakuisoma Maisha Yangu nilivyoisoma mimi. Jioni zangu si za kuchora, sijawahi kuchora kitu cha maana baada ya chakula cha mchana. Nikiziuza saa hizo kwa mtu mwenye duka, ninalipa mchango wa mfuko na bima bila kugusa pesa ya michoro, na nikiletewa kazi ya tangazo ambayo siipendi naweza kusema hapana bila tumbo kunikaza. Uwezo wa kukataa ndio nilioukosa zaidi mwaka wa kwanza, na akiba yote niliyoondoka nayo haikunipa uwezo huo kwa muda mrefu kama unavyonipa mshahara huu mdogo. Mwenye duka nilimpa sharti moja tu, asinipigie simu kabla ya adhuhuri. Amelitimiza kuliko alivyowahi kulitimiza bosi yeyote.

Mchapishaji amenitumia hadithi nyingine, ya msichana anayemfuata shangazi yake kutafuta pweza. Nimeshaongea na kina mama wa Kigombe wanaokwenda mwambani. Wamenitaka nije wakati wa bamvua, maji yakikupwa mbali, nivae viatu vya kukanyagia miamba na nisivae gauni refu. Dukani nimeomba ruhusa ya wiki hiyo, na nimepewa.